Maswali Mawili ya Barazani Kuhusu Freddie Mercury

Kila nikitaja jina la Freddie Mercury mbele ya watu wa nyumbani, Unguja, huwa najua maswali mawili yanakuja, na najua hata mpangilio wake. La kwanza: "Hivi ni kweli alikuwa shoga?" La pili hufuata kabla la kwanza halijajibiwa: "Na hivyo kuimba alikuwa anajua kweli, au Wazungu wamempaisha tu?" Nimeyasikia barazani, nimeyasikia ndani ya daladala, na mara moja niliyasikia harusini, yakiulizwa na mzee wa heshima aliyekuwa na sahani ya pilau mkononi.

Siandiki makala hii kumjibu mzee yule. Majibu yapo, na yamekuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nataka kuyaangalia maswali yenyewe: yalitoka wapi, kwa nini hutembea pamoja kama mapacha, na yanafanya kazi gani.

Nikiri jambo kwanza. Septemba 2006, kama angekuwa hai, Freddie Mercury angetimiza miaka 60. Mgahawa mmoja wa ufukweni Mji Mkongwe, uliokuwa umepewa jina lake, ulipanga sherehe. Jumuiya ya Uamsho ikapinga vikali kwamba mtu wa sifa hizo asherehekewe katika kisiwa cha Waislamu, na sherehe ikafutwa. Miaka miwili kabla, 2004, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha sheria ya kuongeza makali ya adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo jambo lilikuwa bado la moto. Barazani kwetu ilikuwa ndiyo hadithi ya wiki nzima. Jioni moja rafiki yangu akanigeukia: "Wewe unayependa miziki ya Kizungu, huyu naye unamsikiliza?" Nyumbani nilikuwa na kaseti yake, zawadi ya binamu yangu baharia, nimeicheza mpaka utepe umeanza kulia kama paka. Nikajibu: "Mimi? Hata kuimba kwenyewe hajui. Makelele matupu."

Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Nimelifikiria sana jibu lile. Niliulizwa kuhusu mimi, nikajibu kuhusu sauti yake. Nilijua bila kufundishwa na mtu kwamba ukitaka kujitenga na msanii kwa sababu ya maisha yake, njia ya mkato ni kukana kipaji chake. Nilipoanza kusoma historia ya huyu bwana, nikagundua sikuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Walionitangulia walikuwa wahakiki wakubwa wa London na New York.

Farrokh wa Unguja

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, watu wa dini ya Zoroaster. Baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani, si mbali sana na Bombay. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, akasoma piano, akaunda na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na familia ikakimbilia Uingereza, ikaanza maisha mapya Feltham, pembezoni mwa London. Alikuwa na miaka 17.

Safari ya kutoka Unguja kwenda Bombay wapenzi wa fasihi yetu wanaijua kwa jina jingine. Siti binti Saad aliivuka bahari hiyo hiyo mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri za Kiswahili. Namtaja Siti kwa sababu naye alikuwa mwimbaji aliyewagawa watu. Waliomchukia hawakuanza na muziki wake. Walianza na asili yake ya shamba, na vyungu alivyokuwa akiuza kabla ya kujulikana, na sura yake. Shaaban Robert aliona umuhimu wa kumwandikia wasifu mzima, na ukiusoma utaona mwandishi anapambana na dharau hizo moja baada ya moja. Lakini kuna kitu kimoja maadui wa Siti hawakuthubutu: sauti yake waliikubali. Walimwona mtu duni mwenye sauti kubwa.

Kwa Freddie hata hilo halikufanyika. Yeye walimchukulia vyote viwili.

Siku arobaini

Kuna hesabu ndogo ambayo hunisimamisha kila nikiifikiria. Farrokh alipofika Uingereza 1964, mapenzi baina ya wanaume yalikuwa kosa la jinai huko, na watu walifungwa. Sheria ilibadilishwa tarehe 27 Julai 1967, kwa Uingereza yenyewe na Wales tu, na kwa sharti kwamba wahusika wawe wametimiza miaka 21 na mambo yao wayafanye faraghani. Farrokh alitimiza miaka 21 tarehe 5 Septemba mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe: siku arobaini kamili. Kwetu arobaini ndiyo siku ya mzazi kutoka ndani na siku ya kumalizia msiba, na yeye ndiyo siku aliyotoka nje ya mkono wa sheria ile.

Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuihesabu. Ninachosema ni kwamba hakuwa mtu wa kizazi kilichozaliwa huru. Alikulia katika visiwa, shule na nchi ambamo jambo hilo halikuwa na jina zuri, na sheria ilipolegea ilimwambia kwa maneno yake yenyewe: fanya, lakini faraghani. Anayeuliza kwa nini alificha aanzie hapo.

Na bado, alificha kwa namna ya ajabu, kama mtu anayejificha nyuma ya pazia la dhahabu katikati ya jukwaa. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May na Roger Taylor, na jina la bendi akalichagua yeye: Queen, yaani Malkia. Katika Kiingereza cha mtaani neno hilo lilikuwa pia kejeli kwa mwanamume shoga, na alilijua hilo. Alivaa satini, akapaka kucha rangi nyeusi. Mwaka 1974 gazeti la muziki la NME lilipomchokoza kuhusu mambo yake, alijibu kwa mzaha akijifananisha na ua. Ni jibu linalosema ndiyo huku likicheka, na ukija kumshika nalo kesho anakwambia ulikuwa utani.

Wakati huo huo alikuwa akiishi na Mary Austin, mwanamke ambaye baadaye alimwachia nyumba yake kubwa ya London. Miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton, mwanamume, aliyekuwa naye mpaka kufa. Swali la kwanza la barazani jibu lake ni hilo. Lingekuwa ni swali la kutaka kujua tu, lingekwisha hapo.

Wahakiki walisikia nini

Sasa njoo upande wa muziki. Bohemian Rhapsody ilitoka 1975, dakika karibu sita, bila kiitikio, na opera katikati. Ilikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Watu waliinunua, wahakiki wengi walikunja uso. Ukisoma malalamiko yao ya miaka ile, yanarudia msamiati mmoja: imezidi, imejipamba mno, inajitia, haina uanaume wa roki ya kweli. Ilipokuja panki 1976 na 1977, na vijana wenye nguo za kuchanika wakasema muziki lazima uwe mfupi na mchafu, bendi yenye piano na manyoya ikaonekana kama tusi. Mwaka 1977 NME ilichapisha mahojiano yake chini ya kichwa kilichouliza kama mtu huyu ni mpumbavu. Mwaka 1979 jarida la Rolling Stone la Marekani, likihakiki albamu ya Jazz, likaita Queen bendi ya kwanza ya roki ya kifashisti.

Kifashisti, jamani. Bendi ambayo kiongozi wake alikuwa mkimbizi Mparsi wa Unguja.

Sisemi kila aliyemkosoa alikuwa anachukia mashoga. Kuna watu hawapendi opera kwenye roki, na wana haki yao. Ninachosema ni kwamba msamiati wa kumkosoa msanii na msamiati wa kumsuta mwanamume "asiye mwanamume" ulikuwa umefanana mno kiasi kwamba mhakiki hakuhitaji kuamua anatumia upi. "Amejipamba mno" inafanya kazi zote mbili.

Marekani jambo hilo lilionekana wazi zaidi. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Disko ilikuwa muziki wa kumbi za Weusi, Walatino na mashoga, na walioshangilia walisema wanatetea roki tu. Mwaka uliofuata Freddie alikata nywele, akafuga masharubu, mtindo ambao mashoga wa San Francisco na New York waliujua vizuri. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mashabiki wa Marekani walimtupia nyembe jukwaani ili anyoe. Mwaka 1982 Queen wakatoa albamu ya Hot Space yenye mdundo wa disko, na mashabiki wa zamani wakalalamika kwamba bendi imeharibika. Mwaka 1984 ikatoka video ya I Want to Break Free, ambamo wanabendi wote wanne wamevaa nguo za kike kuigiza kwa dhihaka tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Waingereza walicheka, MTV ya Marekani haikutaka kuionyesha. Queen hawakufanya tena ziara Marekani wakiwa na Freddie baada ya 1982.

Sasa jiulize: nyembe zile zilikuwa uhakiki wa muziki, au wa masharubu?

Fumbo

Wapenzi wake nao wana mchezo wao. Wao huchukua kila wimbo kama shahidi mahakamani. Bohemian Rhapsody, wanasema, ni ungamo: yule kijana anayeungama kwa mama yake kwamba ameua mtu amemuua mtu wa zamani aliyekuwa yeye mwenyewe. Mtunzi mashuhuri Tim Rice ni miongoni mwa walioisoma hivyo. Mwenye wimbo alikataa kuufafanua mpaka amekufa.

Hapa nadhani msikilizaji wa Kiswahili ana elimu ambayo mhakiki wa London hakuwa nayo. Sisi tumelelewa na taarabu. Tunajua kwamba wimbo unaweza kumsema mtu bila kumtaja, na tunajua adabu yake: humfuati mtunzi nyuma ya jukwaa ukamuuliza, "Ulimkusudia nani?" Ukimuuliza atakujibu, "Mbona umejishuku?" na watu watakucheka wewe. Fumbo halitungwi ili lifumbuliwe mara moja likaisha. Linatungwa ili kila mtu alichukue kwenda nalo kwake.

Na ndani ya wimbo ule, katikati ya kelele za opera, kuna neno moja ambalo mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kula na kabla ya kulala, awe wa dini yoyote, kwa sababu hulisikia kila nyumba. Freddie alilitia pale, likaimbwa na kwaya nzima, na Uingereza ikaliimba kwa wiki tisa bila kujua limetoka wapi. Huenda lina maana nzito, huenda lilimpendeza tu kwa mlio wake. Mimi nilipolisikia kwa mara ya kwanza kwenye kaseti ile niliurudisha utepe mara tatu kuhakikisha. Hilo ndilo nililolikana barazani.

Basi, alikuwa anajua kuimba?

Swali la pili, tofauti na la kwanza, lina mambo ya kupimika, kwa hiyo tulipime.

Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya wakiongozwa na Christian Herbst walichapisha uchunguzi wa sauti yake. Walipima mahojiano wakakuta kwamba sauti yake ya kuzungumza ilikuwa nzito kuliko ya kuimbia: kwa lugha ya wanakwaya wetu, kwa maumbile alikaa kati ya sauti ya tatu na ya nne, lakini jukwaani aliimba ya tatu, tena juu kabisa. Mtetemo wa sauti yake ulikwenda karibu mara 7 kwa sekunde, kasi kuliko kawaida ya waimbaji. Ule mkwaruzo wake maarufu huenda aliupata kwa kutumia pia mikunjo ya juu ya koo, ambayo watu wengi hawaitumii katika kuimba. Lakini ile sifa inayorudiwa kila mahali, kwamba alikuwa na oktava nne, watafiti hawakuipatia ushahidi wa kutosha. Nalitaja hili makusudi. Mashabiki nao huzidisha chumvi, na mtu mwenye kipaji cha kweli hahitaji kuongezewa.

Tuache maabara. Katika nyimbo 17 za albamu ya Greatest Hits ya 1981, kumi alizitunga yeye, na hazifanani. Hesabu ilivyo: Killer Queen ni ya jukwaa la maigizo, Somebody to Love ni ya kanisa la Weusi wa Marekani, Crazy Little Thing Called Love inaelekea kwa Elvis, We Are the Champions imekuwa ya viwanja vya mpira dunia nzima. Ile kwaya ya Bohemian Rhapsody ni sauti za watu watatu tu, yeye, May na Taylor, zilizorudiwa na kupandanishwa kwenye utepe mpaka zikawa umati. Mwaka 1988 alitoa albamu nzima na Montserrat Caballé, mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera wa zama zake, na mama yule hakuwa mtu wa kuimba na yeyote aliyepita njia.

Na tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley, alipewa kama dakika ishirini, mchana kweupe, bila taa wala moshi wa kumsaidia, mbele ya watu wapatao 72,000. Mtazame anapowaimbisha kwa sauti tupu isiyo na maneno, anatoa wanaitika, anatoa wanaitika. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria dufu au maulidi anajua hicho ni kitu gani. Kuongoza umati hakuigizwi. Umati ukikukataa unaonekana.

Kwa hiyo ndiyo, alikuwa anajua.

Swali ambalo hatuulizi

Nisije nikaonekana namtakasa. Freddie ana lawama za haki, na moja ni nzito kwetu kuliko kwa Waingereza. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii wa dunia wasusie. Walisema wao hawafanyi siasa, wanapiga muziki kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Fikiria: wakati huo Tanzania ilikuwa nchi ya mstari wa mbele, na vijana wa ANC walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro. Mzaliwa wa Unguja alikwenda kuwaimbia walioshiba kwenye kasino ya makaburu.

Hilo ni swali halali kabisa la kumuuliza msanii: ulimwimbia nani, na kwa faida ya nani? Lakini katika miaka yote ya maneno barazani, sijawahi kulisikia hata mara moja. Tunajali alilala na nani. Alikokwenda kuimba hatujali. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba maswali yale mawili hayatafuti kumjua mtu. Swali ambalo jibu lake kila mtu analo mfukoni halitaki jibu. Linakutaka wewe unayeulizwa useme uko upande gani, na sote barazani tunajua upande ulio salama.

Bei ya kunyamaza

Kwa muda mrefu nilidhani dawa ni kusema, "Maisha yake binafsi hayatuhusu, sikiliza muziki." Ni jibu la kistaarabu, na yeye mwenyewe aliishi kwa jibu hilo. Siku hizi siliamini sana, kwa sababu ya jinsi alivyokufa.

Kuanzia 1986 magazeti ya Uingereza yalimwandama. Yaliandika kwamba amepimwa damu. Mwaka 1987 mtu aliyekuwa msaidizi wake wa karibu aliuza habari zake kwa gazeti la The Sun. Mwaka 1988 bunge la Uingereza likapitisha kifungu cha 28, kilichozuia serikali za mitaa "kuhimiza" mapenzi ya jinsia moja. Wakati huo alikuwa ameshajijua kuwa na virusi. Februari 1990 alipanda jukwaani na wenzake kupokea tuzo, amekonda, akasema maneno machache sana, na kesho yake nchi nzima ikawa inakisia. Wapiga picha walijazana nje ya geti lake. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI, na kwamba alinyamaza ili kuwalinda waliomzunguka. Kesho yake akafa. Alikuwa na miaka 45. Wakaja makasisi wa Zoroaster wakamwombea kwa dini ya wazazi wake.

Siku chache baadaye mwandishi wa safu katika Daily Mirror aliandika kwa sumu, akimwonyesha kama mtu aliyestahili kifo chake. Upande wa pili, baadhi ya wanaharakati walimlaumu kwamba alisubiri mno: mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote alinyamaza wakati wengine wanakufa bila jina. Nawaelewa wote waliolaumu kunyamaza kule, na nashindwa kumlaumu. Sisi wenyewe tunazijua salamu za rambirambi za miaka ile, "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila msomaji anajua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Tumezika wajomba na shangazi chini ya sentensi hiyo.

Ndiyo maana sisemi tena "hayatuhusu". Mtu anaposhikiliwa maisha yake yote kwa swali moja, halafu wapenzi wake wakasema swali hilo halina maana, wanamwacha peke yake nalo. Naona afadhali kusema yote mawili kwa sauti ya kawaida: aliwapenda wanaume, na alimpenda Mary Austin kwa namna yake, na aliimba vile. Ukimtoa mmoja hubaki na mwingine. Ile hofu, lile pambo, ule utani wa kujilinda, ile njaa ya kuukumbatia uwanja mzima kwa sababu chumbani kuna neno haliwezi kusemwa, vyote vimo katika sauti. Huwezi kuchukua sauti ukarudisha mengine dukani.

Lakini ndivyo tunavyofanya. Tangu 2019 Mji Mkongwe una jumba la makumbusho lenye jina lake, Shangani, na watalii wanalipa kuingia. Jina limekuwa mali, na hata wasemaji wakali wa 2006 wamezoea. Kule Unguja neno shoga lilikuwa, na bado liko, jina la upendo ambalo wanawake huitana wakikutana sokoni: shoga yangu, habari za tangu juzi? Neno hilo hilo tukalifanya tusi. Sijui ni lini tuliamua kwamba linaweza kubeba maana zote mbili bila kutusumbua.

Mwaka jana nilirudi, nikapita barazani. Yule rafiki aliyeniuliza 2006 sasa ana kibanda cha kuuza vitu kwa wageni, si mbali na jumba lile. Tisheti zimetundikwa mbele, na katikati yake ipo ya njano, mtu mwenye masharubu ameinua mkono. Nikamtazama, naye akaona nimeitazama.

"Inauza sana hiyo," akasema. Kisha, baada ya kimya kidogo, "Lakini bwana, sauti alikuwa nayo."

Nikamwambia, "Alikuwa nayo." Nikamwambia pia habari ya kaseti, na kwamba siku ile nilisema uongo. Akacheka, akauliza ni kaseti ipi. La kwanza hakuniuliza tena, na mimi sikulitaja, na nimerudi Dar na kimya hicho.